Kope za Ghorofa ya Nne

Watu wa uchochoro wetu wanasema fundi wa vivuli alimwacha mama yake afe kwa jua. Wanasema wakiteka maji, wanasema wakianika nguo, na wakiniona napita wanashusha sauti, kwa sababu mdomo wangu wanaujua. Wacha waseme, ulimi hauna mfupa. Lakini siri ya mtungi aijuaye ni kata, na niliyekuwa chumbani siku zile ni mimi, si wao. Kwa hiyo leo nimekaa chini naeleza, na anayetaka kumhukumu yule kijana anisikilize kwanza mpaka mwisho.

Mimi ni mfanya usafi katika jengo la ofisi lililo mbele ya uchochoro wetu. Nadeki ukumbi wa chini, nafuta lifti, nafuta vioo. Fundi tumekua naye mlango kwa mlango. Ananiita dada kwa kuwa nimemtangulia kuzaliwa, na mimi namwita fundi kwa kuwa tangu utoto hakuwa na mchezo mwingine. Kilichovunjika alikitengeneza, kilicho kizima alikivunja aone ndani kuna nini. Mama yake alikuwa akimwambia, "Wewe siku moja utanifungua mimi nati." Hakuwahi kuoa. Wasichana aliwapenda, ila kila mmoja akichoka kusimuliwa habari za mota anaaga.

Alikuwa na kaka yake, mpaka rangi wa majengo. Huyo alianguka kutoka kwenye jukwaa mchana kweupe, na waliokuja kumpa mama habari walikuwa wanaume wanne. Walivua kofia wakasimama mlangoni, kila mmoja anamsubiri mwenzake aanze. Mama hakuhitaji kuambiwa. Alichobaki nacho moyoni ni vile walivyosimama. Tangu siku hiyo, mwanawe aliyebaki akipanda juu, roho ya mama nayo ilikuwa huko juu inaning'inia. Hakumkataza. Aliniambia mara moja tu, tukichambua mchele, "Nimkataze kazi ale nini? Ale maneno yangu?" Basi akanyamaza. Alikuwa bingwa wa kunyamaza, na mwanawe alirithi hilo hilo.

Jengo lilipojengwa lilimnyang'anya mama jua la asubuhi. Dirisha la chumba chake linatazama mashariki, na zamani alikuwa akiamka anaota jua akiwa bado kitandani. Ghorofa zikapanda, chumba kikaingia kivulini. Hatukulalamika, nani analalamikia kivuli? Wakati huo mama alikuwa ameshateleza bafuni akavunjika nyonga, hainuki tena. Macho nayo yalikuwa yamefifia kwa mtoto wa jicho pande zote mbili. Kila mtu kwake alikuwa kama ukungu uliovaa nguo, lakini mwanga na giza aliweza kuvitofautisha.

Jengo lenyewe likaanza kuwaka ndani. Upande wa magharibi, unaotazama uchochoro wetu, ulikuwa vioo vitupu, na jua la alasiri lilikuwa linaingia ofisini kama limealikwa. Viyoyozi vilinguruma kutwa na watu bado wanajipepea kwa mafaili. Wenye jengo wakaamua kuokoa umeme. Juu ya paa wakaweka paneli za sola, na nje ya vioo wakafunga vivuli vya alumini, mabapa marefu yanayong'aa, kila ghorofa na safu yake. Mota inayageuza kufuata jua. Asubuhi yanakaa wazi, jua likianza kushuka yanasimama kulikinga. Wakubwa walikuwa na jina lao refu la kuyaita. Sisi wa chini tuliyaita kope, maana jengo lilionekana linafumba na kufumbua macho.

Fundi wetu alikuwa katika kundi la kuzifunga zile kope, na kazi ilipokwisha wakamwajiri abaki kuzitunza. Jamani, alifurahi. Asubuhi mapema alikuwa anaosha paneli kabla hazijapata moto, kwa sababu kioo kilichokwisha kuwaka ukikimwagia maji ya baridi unaweza kukipasua. Kinyesi cha ndege alikifuta kama anamfuta mtoto kamasi. Aliniambia kivuli kidogo kwenye paneli moja kinaweza kuvuta chini safu nzima, nami nikamwambia hata familia ziko hivyo, akacheka. Pale ukumbini kuna skrini kubwa inayoonyesha umeme uliookolewa siku hiyo, na meneja wa jengo akipita na wageni lazima awasimamishe hapo. Skrini hiyo naifuta mimi. Halafu jioni narudi kwetu nakuta uchochoro mzima umekatiwa umeme na feni ya mama imesimama. Kuishi kwingi ni kuona mengi.

Sasa hapa naomba mnisikilize vizuri. Siku ya kujaribu zile kope, alasiri, fundi alikuwa ghorofa ya nne anazifungua na kuzifunga kwa mkono. Mwanga ukadunda kwenye alumini, ukavuka uchochoro, ukaingia dirishani kwa mama yake ukawa unacheza ukutani. Jioni mama akamwuliza, "Leo ukutani kwangu kulikuwa na kitu kinarukaruka. Nini kile?"

"Ni mimi huyo, mama," akamjibu huku anafungua kamba za viatu. "Nilikuwa nakupungia mkono."

Nilikuwepo, nilikuwa nimepeleka maji. Tulicheka wote, mama naye akacheka, tukaendelea na mengine. Fundi alilisahau neno lile kabla hajavua kiatu cha pili.

Baada ya hapo kope zikaachiwa mota. Kila alasiri jua likishuka zinasimama, na mwanga ambao safu ya ghorofa ya nne inaukataa ofisini ukawa unatua kwa mama. Unaingia dirishani, unapanda ukutani, unateremka kitandani, unakaa hapo mpaka jua lizame. Nilikuja kuelewa jambo moja: joto ukilifukuza kwako halipotei, linahamia kwa jirani. Chumba kikawa tanuri. Mshumaa uliokuwa juu ya kabati ulipinda shingo. Midomo ya mama ikapasuka, mkojo ukapungua, chakula akawa anakisukuma pembeni. Mganga wa zahanati akaja, akamfinya ngozi ya mkono akaona hairudi haraka, akatuita nje. "Maji yanamwisha mwilini," alisema. "Mwondoeni kwenye joto hili, la sivyo hamtakaa naye sana."

Fundi aligeuka akatazama ng'ambo, akaona kazi ya mikono yake inang'aa. "Dada," akaniambia, "zile nati nimezikaza mimi." Mchimba kisima huingia mwenyewe, ndivyo wanavyosema. Huyu alikuwa amechimba akamwingiza mama yake.

Msidhani alikaa tu. Kwanza alitaka kumhamishia mama chumbani kwake, chumba cha ndani kisicho na dirisha. Mama akakataa katakata. "Nimezoea dirisha langu." Akaweka pazia zito. Kila jioni akirudi anakuta pazia limefunguliwa, kwa sababu mama alikuwa anamwita dobi, jirani yetu wa ukuta mmoja, aje amfungulie. Akiulizwa anasema anataka hewa. Tuliamini, kwa kuwa chumba chenye pazia zito na feni iliyokufa kweli hakina hewa. Mtu mzima akikwambia anataka hewa utambishia nini?

Ndipo akakimbilia kule kwenye kope. Kila safu ina mkono wa chuma wa kuizungushia, ili ukizima mota uweze kuosha. Akawa kila siku mchana anazima mota ya ghorofa ya nne na kuacha safu ile wazi, jua lipite liingie ofisini kwa wenyewe. Kope nyingine zote zinasimama, ile ya nne inabaki imetoa jicho. Jioni anairudisha. Ukiwa chini barabarani ungedhani jengo linakukonyeza.

Chumba kikapoa. Jioni ile ya kwanza alipofika aliweka kiganja ukutani, akaniangalia akatabasamu, na sikuwa nimemwona akitabasamu tangu mganga aje. Tukamngoja mama apate nafuu.

Hakupata. Ndiyo kwanza akazidi. Uji alikuwa anakunywa vijiko viwili anageukia ukutani. Ilipofika alasiri, dobi alituambia, alikuwa hataki hata kusemeshwa, amekaza macho kwenye ukuta mtupu na masikio yako mlangoni. Na fundi akiingia jioni mama alikuwa anauliza, "Ni wewe?" Akiitikiwa anamvuta mkono, anampapasa kidole kimoja kimoja, kisha kiwiko, kisha bega, halafu ndipo analala. Sisi na akili zetu tukasema ni uzee. Tukasema joto lilikwisha kumwingia, litatoka polepole. Fundi akazidi kuwahi kuzima ile mota.

Kule jengoni nako mambo hayakukawia kuharibika. Kwenye ofisi ya ghorofa ya nne kuna mhasibu mmoja, mwanamke mpole, meza yake iko karibu na kioo. Alianza kuumwa kichwa kila mchana. Kiyoyozi chake kilikuwa kinafanya kazi mpaka kinadondosha maji kwenye zulia, nami ndiye ninayeitwa kukausha. Namba kwenye skrini ya ukumbini zikashuka. Meneja alipanda mwenyewe kuangalia, akamkuta fundi ameshika mkono wa chuma.

Aliitwa ukumbini, na mimi nilikuwa naifuta skrini. Niliifuta sana siku hiyo.

"Fundi, mota ina tatizo?" meneja akamwuliza.

"Haina, bosi."

"Sasa?"

Fundi alinyoosha mkono kuelekea uchochoroni. "Lile dirisha la mbao lililo wazi, mama yangu yumo mle, hawezi kuinuka. Safu ya nne ikisimama, jua lote linampiga yeye. Mganga amesema litamwua."

Sitamsingizia meneja, hakuwa mtu mbaya. Alitazama lile dirisha, akasema pole. Kisha akasema, "Lakini nitawaambia nini wapangaji? Wakae juani kwa ajili ya mama wa mtu? Si umwekee pazia?"

"Analifungua. Niruhusu basi niipake ile safu rangi ya kufifia, isiakisi mwanga."

"Ukiipaka rangi waliotuuzia wanafuta dhamana. Hiyo siwezi kuigusa." Akashusha sauti. "Fundi, usirudie. Nakuomba kama mdogo wangu."

Alirudia kesho yake. Ungekuwa wewe ungefanya nini? Ng'ombe hashindwi na nunduye. Kabla jua halijazama alikuwa amekabidhi funguo za paa, ovaroli na mkanda wa usalama, na asubuhi iliyofuata akaletwa fundi mwingine. Kijana mwenye adabu, alinisalimia vizuri. Nikashindwa kumwitikia.

Mama hakuambiwa. Fundi alisema, "Akijua nimefukuzwa kazi, na sababu ni yeye, atakufa kwa hilo kabla ya joto." Kwa hiyo asubuhi alivaa kama kawaida, akabeba mfuko wake wa vifaa, akaaga, akaenda kukaa kwenye karakana ya rafiki yake mshona maturubai. Huko akashona kivuli cha dirisha, cha kutundikwa nje kwa mshazari, juu kimeshikwa na chini kiko wazi, kizuie jua na hewa ipite. Kazi safi, pindo mbili, matundu yametiwa pete za chuma. Hata katika shida mikono yake haikujua kufanya vibaya.

Akanifuata mapema alasiri, siku yangu ya mapumziko. "Dada, nenda ukampigishe mama stori. Mimi nitagongelea misumari nje. Akiuliza, mwambie ni majirani wanatengeneza ukuta. Saa hizi anajua niko kazini."

Nikaingia, nikakaa kwenye kigoda karibu na kitanda, nikaanza umbea wangu wa kawaida. Mama alikuwa ananiitikia "mm" bila kunisikiliza. Dirishani nilimwona fundi anapanda kiti taratibu, turubai liko begani, misumari ameibana kwa midomo. Alijiegemeza pembeni mwa fremu asikatize mwanga. Akainua nyundo.

Saa hiyo hiyo, ng'ambo, kope za ghorofa ya nne zikasimama. Yule kijana mpya alikuwa amemaliza kuikagua mota, akairudisha siku hiyo. Mwanga ukapita juu ya bega la fundi, ukaingia, ukagonga ukuta.

Mama alishtuka mwili mzima. Akanishika mkono kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo. "Umeona?" akasema. "Yupo. Mwanangu yupo."

"Nani, mama?"

"Ananipungia. Si alisema mwenyewe ni yeye? Kila siku alasiri alikuwa ananipungia, najua yuko salama huko juu, nalala. Halafu akaacha." Machozi yalikuwa yanamtoka yakipita kwenye mikunjo. "Siku zote hizi mwanangu hakupunga. Kila alasiri nilijua ameanguka. Nilikuwa nalala hapa nasikiliza mlango, nangoja wale wanaume wanne. Mpaka aingie jioni nimguse. Na kesho yake tena hivyo hivyo."

"Kwa nini hukusema, mama?"

"Niseme nini? Aambiwe apunge mkono kama mtoto, apoteze mshiko aanguke? Usimwambie, mwanangu. Atanicheka." Kisha akainua mkono wake, mifupa na ngozi tu, akaupungia ule ukuta.

Nikageuza uso dirishani. Fundi alikuwa amesimama palepale juu ya kiti, nyundo iko hewani, misumari bado iko mdomoni. Kila neno lilikuwa limemfikia. Umbali kati yake na kitanda ulikuwa mfupi kiasi kwamba angenyoosha mkono angemgusa mama yake, na hakuweza kusema mimi niko hapa. Angesema, mama angejua kule juu hakuna mtu, na kwamba hakuwahi kuwepo mtu, ni mota. Aliteremka kwenye kiti bila sauti. Nikasikia anakaa chini, mgongo wake unasugua ukuta wa nje.

Jioni aliingia kwa mlango kama anatoka kazini.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, mama."

"Leo nimekuona." Hakumpapasa vidole siku hiyo.

"Nilikupungia, mama," akasema. "Nisamehe, siku zile kazi zilinizidi."

Usiniulize kama alifanya vyema. Nilimwuliza mwenyewe, tena kwa ukali, nikamwambia mganga alisema nini, nikamwambia tundika hilo turubai upesi. Alinijibu, "Dada, nikitundika ataanza tena kunizika kila siku." 

Basi ikawa hivyo. Mimi na dobi tukapeana zamu ya kumlowesha mama vitambaa na kumpa maji kwa kijiko, na alikunywa vizuri, na uji akala, akawa anaongea na hata kunitania kuhusu unene wangu. Fundi saa ile hakuweza kuingia, maana alitakiwa awe ghorofa ya nne. Alikaa nje uchochoroni chini ya dirisha, turubai limeviringishwa magotini, anasikiliza. Hicho ndicho watu walichokiona. Walimwona mtu mzima hana kazi, amekumbatia kivuli alichokishona mwenyewe, na nyuma ya ukuta jua linamchoma mama yake. Wakapita, wakatikisa vichwa, wakaenda kusema.

Joto halikuwa na huruma kwa sababu mama alikuwa na furaha. Ngozi ilizidi kukauka, sauti ikapungua, mwisho akawa anaonyesha kwa kidole tu mwanga ukifika. Alikufa alasiri, mwanga uko kifuani kwake. Nilikuwa zamu mimi. Nilimfumba macho, nikamfunika, nikatoka nje kwenda kumwambia mwanawe.

Nilikuwa nimeandaa maneno njiani, hatua zile chache za kutoka chumbani mpaka nje. Nikafika mlangoni nikasimama, kitambaa cha maji bado kiko mkononi, sijui nianzie wapi. Fundi aliinua uso akaniona nilivyosimama. Hakuuliza kitu.

Siku hizi anashona maturubai ya maduka, na majengo marefu hapandi tena. Lile turubai la mama alilitundika baada ya maziko, mbele ya macho ya wote, na lilikaa sawasawa kama alivyolipima. Hewa inapita chini yake vizuri. Nilikwenda alasiri moja kufagia, nikakaa kidogo kwenye kigoda changu. Chumba kimepoa kweli, na hakuna anayelala ndani.